Huo Nimemwachia

Baba yangu, Torkild, alikinyoosha kijito hiki
kwa kamba, vigingi na katapila la kukodi,
mwaka wa sitini na tatu, mimi sijazaliwa.
Akapata hekta kumi na moja za shayiri
na picha gazetini: yeye, koleo, na maji yaliyonyooka
kama mstari wa mtoto aliyeazimwa rula.

Simlaumu. Shayiri ile ndiyo iliyoninunulia viatu.

Lakini maji yaliyonyooshwa hayana pa kupumzikia.
Kila Februari yaliteremka mbio kuelekea Limfjord,
hayamsalimu mtu, yakabisha hodi mjini kwa bega,
yakaingia kwa Bodil mwenye duka la baiskeli
mara tatu ndani ya miaka sita.
Mara ya tatu hakunipigia simu. Aliniletea tope
ndani ya ndoo, akaitua mlangoni pangu, akaondoka.

Ndipo nikaitafuta ramani ya babu, iliyogundishwa kwenye kitambaa,
kijito kikiwa bado na magoti na viwiko.
Nikapanda juu ya ghala asubuhi ya umande
nikauona: mkondo wa zamani haujaenda popote.
Shayiri imekoza rangi juu yake, inapinda nao,
kama mshipa mkononi mwa mama.

Nikakodi katapila.
Nililiendesha mwenyewe. Nilijaza mfereji wa baba
kwa udongo uleule alioutoa, uliolala ukingoni miaka yote,
nikaacha mawe, magogo, na kona zisizo na sababu.
Asger wa ng'ambo alisimama kwenye uzio, mikono mfukoni:
"Unakipinda?"
Nikasema sikipindi. Nakiachia.

Mvua ya mwaka huu ilinyesha siku tisa.
Maji yakaja, yakafika kona ya kwanza, yakasita,
yakatandika mkeka malishoni, yakaketi.
Ng'ombe niliwahamishia kilimani; wakanitazama kwa lawama.
Hekta saba zimekwenda, na sitazidai.
Usiku wa kumi nikampigia Bodil. "Pakavu," alisema,
kisha akanyamaza sana,
nikasikia gurudumu likizungushwa, likizungushwa.

Sasa kuna samaki mdogo chini ya daraja, simjui jina.
Na kaburini kwa baba nimepanda mstari wa maua.
Umenyooka.
Huo nimemwachia.