Nyuzi Thelathini na Tisa

Kipimajoto kimelia kwapani mwa Mize.
Nikakisogeza kwenye taa ya cherehani:
nyuzi thelathini na tisa, nukta sita.
Mimi, fundi wa hapa Mtemani,
niliyeshika nyuzi miaka kumi na saba,
nyeupe, za zari, za kudarizi kofia,
sijapata kuzishika hizi.
Hazina ncha ya kutia mate.
Hazina tundu la kupitia.

Mama yake yuko zamu ya usiku, Chake,
anapokea watoto wa watu.
Kanipigia kwa sauti ya chini:
"Dawa umempa saa ngapi?" Saa mbili.
"Basi mpaka saa nane. Usizidishe.
Mvue hilo sweta.
Maji yasiwe ya baridi.
Mhesabie pumzi."
Mtu akapiga ukelele nyuma yake, simu ikakatika.

Sweta nilimvisha mimi.
Nilidhani anayetetemeka ana baridi.
Nikamvua kama nguo iliyokosewa kipimo,
mkono, kichwa, mkono wa pili,
akanitazama kwa macho ya kioo
akaniita mama.

Kitambaa?
Kila kitambaa humu ndani ni cha mtu.
Ya karibu ilikuwa poplini ya Bi Mgeni,
nguo ya mwanawe, harusi Ijumaa.
Nikatia mkasi.
Atanitukana. Na atukane.
Maji vuguvugu kwenye bakuli la futari,
shingo, makwapa, nyuma ya magoti,
mwili nilioujua kwa futi kamba tu:
kifua inchi ishirini na mbili,
bega hadi goti ishirini na tatu,
acha pindo, anakua.

Bi Mgeni kasikia kilio ukutani, kabisha hodi.
Kasimama mlangoni na thomu mkononi:
"Degedege hilo linamnyemelea.
Mfunike, mfukize, usilitaje jina."
"Umelitaja wewe," nikasema.
Ndipo akaiona poplini yake
ikichuruzika juu ya paji la mtoto.

Akaitazama sana.
Akaifunga thomu kwenye pindo la kanga,
akakaa kitako,
akatia kidole kwenye bakuli.
"Vuguvugu?"
"Vuguvugu."
"Wangu wa kwanza nilimfunika mablanketi matatu,"
akasema, na hakumaliza.
Akakamua kitambaa. Akaanza miguuni.

Saa sita umeme ukaondoka.
Pumzi nikazihesabu kwa mguu,
kanyagio la cherehani, bila uzi, bila nguo,
thelathini na saba, thelathini na nane,
nikapotea, nikaanza tena.
Nje mbwa wa mtu alikuwa akibweka
kama analipwa.

Saa nane. Tochi ya simu, kijiko cha plastiki.
Mkono huu hukata kanzu bila kuchora chaki;
leo unamwaga dawa kwenye mstari wa mililita tano.
Akameza.
Akatema.
Katema kiasi gani?
Hesabu hiyo hakunifundisha mtu, skuli wala chuoni.
Nilitaka kumuongeza. Bi Mgeni akanishika kiwiko:
"Kakuambia usizidishe."
Nikapiga Chake, ikaita, ikaita, ikanyamaza.

Sijui saa ngapi nililegea.
Najua nilipofumbua macho
palikuwa na uzi shingoni mwa Mize,
mwembamba, unang'aa, unashuka polepole
toka nyuma ya sikio hadi kwenye mto.
Nikataka kuuokota.
Ukanilowesha kidole.
Jasho.

Kipimajoto: thelathini na saba, nukta tisa.
Sikushangilia. Homa ni mteja anayerudi.
Lakini mtoto aliomba maji, akanywa kikombe kizima,
akauliza kwa nini Bi Mgeni kalala chini ya cherehani.

Mama yake kaingia na sare yake, viatu mkononi.
Hakunisalimu.
Kaweka mgongo wa kiganja shingoni, tumboni,
kanusa kinywa chake kama anusavyo maziwa.
"Saa moja tunampeleka, akapimwe damu."
Kisha kaiona nguo iliyokatwa,
kaiinua, inadondoka maji.
"Na hii ya nani?"

Kutoka chini ya cherehani,
bila kufumbua macho:
"Yangu."