Mrija wa Kumi na Nne

Saa mbili kasoro, Umoja, chumba cha maabara
ambacho zamani kilikuwa duka la viatu;
bado kuna kioo cha kujitazamia miguu
ukutani, karibu na sakafu,
na wagonjwa wakiketi kutolewa damu
huona soksi zao kabla ya kuona uso wangu.

Mashine imezunguka dakika kumi, imetulia.
Damu ikizungushwa hujitenga kama ndugu waliogombania shamba:
nyekundu chini, na juu yake maji ya manjano,
mepesi, kama asali iliyotiwa maji mno.
Mirija kumi na mitatu iko hivyo.
Wa kumi na nne una maziwa.

Si mfano wa kusema. Ukiuinua dirishani
huoni kidole changu upande wa pili.
Nikasoma lebo, nikaisoma tena:
Amugune, Elisha. Miaka arobaini na mitatu.
Amugune wa chipsi, wa karai pale kona,
anayenijazia mfuko kila Ijumaa bila kupima
na kusema, "Daktari, hizi za juu ni zawadi."
(Mimi si daktari. Sijawahi kumsahihisha.)

Nikampigia simu.
"Jana ulikula nini?"
"Uliniambia nifunge, nikafunga tangu saa mbili usiku."
"Na mchana?"
"Chipsi, Daktari, huwa sili. Nimeshiba harufu.
Ni soda tu, mbili, baridi, kwa ajili ya huu moto.
Na mkate. Na chai, sukari ya kawaida,"
nikamsikia akihesabu vijiko kimya kimya,
akafika vinne, akaacha.

Hapo ndipo ningependa kuwa na maneno.
Kitabu cha chuo kilikuwa na mishale:
sukari mshale ini, ini mshale mafuta, mafuta mshale damu.
Nani amewahi kuacha soda kwa sababu ya mshale?
Nikamwambia hivi: ini lako ni kama mama mboga
asiyetupa kitu. Sukari usiyoitumia
huigeuza mafuta, huyafunga vifurushi,
huvituma kwenye damu usiku kucha,
mpaka misuli imejaa na haipokei tena mzigo.
Insulini inabisha hodi,
wa ndani wanasikia, hawafungui.
Kongosho linatuma nyingine, na nyingine.
Siku moja mkono unaobisha utachoka.

"Kwa hiyo nina sukari?"
"Bado. Sita nukta nne. Uko kizingitini,
mguu mmoja umeinuka."
"Mguu upi?"
Nikacheka, naye akacheka, kisha tukanyamaza,
kwa sababu mama yake alikatwa wa kushoto
mwaka ule wa mvua nyingi.

Ijumaa nikapita. Karai linachemka kama kawaida;
mtu haachi kazi kwa sababu ya mrija.
Ila kando ya kigoda chake palikuwa na chupa ya maji,
kopo la githeri, maharagwe mengi, mahindi ya kuhesabu,
na nusu ya parachichi imefunikwa gazeti.
"Hili nalo si mafuta?" akanitega.
"Ni mafuta," nikasema, "lakini yana adabu."
Akanipimia. Kwa mara ya kwanza, akanipimia:
robo kamili, hakuna za juu.
Nilikasirika kidogo, nakiri.

Jumamosi alfajiri, kabla ya chai, kabla ya wenzangu,
nikajifunga mpira mkononi kwa meno.
Nikajichoma. Nikaandika lebo kwa herufi nzuri
kama ninavyowaandikia wengine:
Nkirote, Harriet. Miaka thelathini na sita.

Mashine inazunguka.
Kwenye kioo cha chini naviona viatu vyangu,
viwili, vimekaa sambamba,
vinasubiri.