Swali la Nyongeza

Baba alizika watu wengi kuliko mchungaji wa usharika.
Ijumaa usiku gari likiingia toka Dodoma,
vumbi la Kondoa bado kwenye vioo,
kabla hajavua viatu mama alimsomea orodha:
Uru wawili, Kibosho mmoja,
na yule mzee wa Mabogini
aliyemwazima baiskeli kampeni ya kwanza.
Jumamosi kulikucha ameshika chepe.
Alijua majina ya maiti wote wa jimbo.
La mwalimu wangu hakulijua.

Mihula mitatu.
Kipaimara changu alikisikia kwenye simu.
Bungeni alisimama kwa ajili ya daraja,
magogo manne yaliyofungwa kwa waya
pale masika yalipomchukua Elinami
na debe lake la kahawa.
"Je, Serikali ina mpango gani?"
Na kila mwaka Serikali ilikuwa na mpango.
Upembuzi yakinifu. Fedha zikipatikana.
Sisi watoto tukaufanya mchezo:
ukitumwa kuni, ukitumwa maji,
"Fedha zikipatikana, Mheshimiwa!"
Baba naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Mlangoni watu na bahasha zao:
ada, bati, jeneza, nauli ya KCMC,
mbuzi wa harusi ya mtu asiyemjua.
Mama aliuza ng'ombe, kisha ndama wake.
Hilo halimo kwenye Hansadi.

Halafu kura za maoni. Alipungukiwa kura kumi na tisa.

Siku ya tatu akaja Bibi Ndeshukurwa,
akakatiza migombani bila hodi,
mkononi tawi la sale, jani moja limepigwa fundo.
"Nilipokea kitenge," akasema. "Na wewe ulimzika mume wangu."
Macho hakuyainua.
Baba alilipokea kwa mikono miwili.
Sale halikataliwi,
hata kama usiku ule hakula.

Daraja lilijengwa mwaka uliofuata. Zege, na kibao.
Jina la kwenye kibao silitaji.
Yeye hulivuka na mzigo wa majani ya ng'ombe,
na katikati hupiga mguu chini mara moja,
kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji.

Lile tawi alilichomeka kando ya mfongo. Limeota.
Jioni hulimwagilia kwa kopo,
kisha husimama pale, koti limefungwa vifungo vyote,
kimya,
kama anayengoja Spika amtaje.