Kugawanya

Miaka kumi na tisa, Chipogolo,
nimekula vumbi la chaki.
Leo Mvumi, wodi ya wanaume,
nakunja shuka, na bado nahesabu pembe.

Muuguzi Sechelela ananisimamia.
Darasa la tano nilimchapa viboko viwili:
mia gawanya kwa nane ilimshinda.
"Gramu moja, mara nne kwa siku.
Kila dozi ngapi, Mwalimu?"
Hesabu naijua. Ulimi unagoma.

Ananitazama mkono, si uso.
Kisha anaushika, taratibu,
mpaka kikombe cha dawa kiache kutikisika.

Chilewa, kitanda cha sita, anacheka akikohoa:
"Kumbe na nyie huwa mnakwama!"

Nje upepo wa Julai unagonga bati
kama kengele ya mapumziko.
Hatoki mtu.