Nani Alifunga Hili Bomba

Kabati limefika Jumamosi juu ya guta,
limefungwa kwa kamba ya katani na blanketi la kukopa,
kutoka duka la Barabara ya Saba
ambako Mwaja alilipa kidogo kidogo tangu mavuno ya zabibu:
droo tatu, beseni jeupe kama yai lililomenywa,
na mgongo mzima, hauna hata tundu la sindano.

Fundi Ndahani anapima. Anapima tena.
Anapiga magoti pale nilipopiga magoti mimi
mwaka ule maji yalipofika mtaa wetu wa Ipagala,
anachomoa penseli sikioni, anachora misalaba miwili ukutani:
bomba liko hapa,
linatakiwa kuwa hapa.
Kati ya hapa na hapa pana shubiri moja na vidole viwili.

"Samahani mzee," anasema bila kugeuka,
"nani alifunga hili bomba?"

Nipo mlangoni nimeshika tochi.
Ghafla tochi inahitaji kuangaliwa betri.

"Kuna fundi mmoja," Mwaja anajibu toka jikoni,
huku anapepeta karanga, "wa Manyoni huko. Alishahama."

Miaka kumi na minne tumenawa upande,
kioo katikati, sinki kushoto,
kila asubuhi nikimwona mke wangu
sikio moja, jicho moja, nusu ya mdomo wenye povu la dawa,
naye hakuuliza nusu ya pili nimeipeleka wapi.

Patasi inaingia. Plasta yangu inaanguka bila ubishi,
mchanga mwingi, saruji ya kubahatisha.
Ndahani analikata bomba la chuma, ananionyesha mdomo wake.
Chumvi ya maji yetu imejijenga humo duara kwa duara
mpaka pamebaki tundu la kupitisha njiti ya kiberiti.
"Hili lilikuwa linapumua kwa pua moja," anasema.
Anacheka. Nacheka naye, kama mtu wa Manyoni.

Maji ya kuja hayana shida, ananifundisha,
yanasukumwa; yapandishe, yakunje kona mbili,
yatakuja yakilalamika.
Ya kwenda ndiyo yenye kiburi:
hayasukumwi na mtu, yanataka mteremko,
ukiyanyima hata unene wa sarafu
yanakaa, yananuka, yanakusema mbele ya wageni.

Hilo la mteremko nilikuwa silijui.
La kunuka nalijua.

Mashine inapata moto. Plastiki mbili zinalainika,
zinaingiana, anahesabu hadi saba midomo ikicheza.
Leo ni zamu yetu ya mgao. Maji yatakuja saa tatu usiku,
kama yatakuja.

Na bado droo ya juu inagonga siponi.
Ndahani anaigeuza kifudifudi, anachukua msumeno,
anaukata mgongo wake umbo la kwato,
droo mpya, haijawahi kubeba hata kitana.
Mwaja anafumba macho. Halafu anaokota unga wa mbao
kwa kiganja, anaunusa.
"Hii si mbao," anasema. "Karatasi."

Saa nne kasoro. Koki inakohoa, inatema upepo,
inatema kutu, inatema maji meupe kama togwa, ndipo maji.
Chini ya kona ya pili tone moja linajikusanya,
linafikiri,
na watu wazima watatu tumechuchumaa tunalingoja.
Ndahani anakaza robo mzunguko. Tone linaghairi.

Mwaja ananawa. Kiooni yupo wote,
masikio mawili, na lile kovu la tetekuwanga
nililokuwa nimelisahau upande ule.
Ananitazama humo humo, maji yakimchuruzika kidevuni.
"Huyo wa Manyoni," anasema,
"alikuwa anatoza shilingi ngapi?"

Usiku wa manane umeme umekatika.
Naamka, napapasa kushoto kama siku zote,
mkono unakuta kigae kipya, ubaridi wa saruji mbichi.
Nyuma yake kimebaki kipande cha bomba langu tulichokiziba,
kikavu,
na kimenyooka. Hilo hakuna aliyelitaja.