Gololi Kumi na Tisa

Jumamosi. Mvua ya Nottingham haina haraka,
nyembamba, kana kwamba imechujwa.
Nimetandika gazeti la juzi juu ya meza ya jikoni:
bakuli la mafuta ya taa, mswaki uliochakaa,
spana mbili bapa, na gurudumu la mbele
alilonipa Bi Maureen wa mlango wa pili
baada ya kulitazama bandani miaka minane
bila kujua alitupe au aliombee dua.

Kutu imekigandisha kitovu na ekseli
kama gaga juu ya goti la mtoto.
Kitovu, ndivyo tunavyokiita,
na nilipomfafanulia Bi Maureen alicheka,
akashika tumbo lake juu ya aproni.
"Na hizi njiti zote, je?"
Nikakosa jibu. Nikasema: ndugu.

Nati ya kwanza ilikataa.
Nikaidondoshea mafuta, nikaiacha ilale.
Ya pili ililia kidogo, ikaachia.
Dada yangu Siwema, fundi baiskeli huko Nzega,
alinitumia sauti yake katikati ya nyundo:
"Usishindane nayo, wewe.
Na ukifungua, tandika kitambaa chini.
Gololi hazina adabu."

Grisi ya ndani imekauka, rangi ya ugoro,
ngumu kama ukoko wa ubwabwa.
Naichokoa kwa kijiti cha kiberiti.
Koni ya kushoto ina vishimo
kama uso uliopona ndui.
Gololi nazihesabu kwenye kifuniko cha jamu:
kulia, kumi.
Kushoto, tisa.
Nahesabu tena. Napiga magoti,
napapasa chini ya friji: punje za mchele,
pini ya nywele, sarafu mbili.
Gololi hakuna.

Nikamwendea, mikono ikinuka mafuta.
"Kumi na tisa," akasema, kabla sijafungua mdomo.
Mwaka wa mgomo, Clive yuko nyumbani bila mshahara,
akalifungua gurudumu sakafuni, hapo hapo jikoni,
na Keith, ndiyo kwanza anatambaa,
akaokota moja akaimeza.
Siku tatu wazazi wawili wanachungulia nepi.

"Ikatoka?"

"Ikatoka. Clive akaiosha mara tano.
Nikamwambia, hiyo haiingii kwenye baiskeli yoyote
nikiwa hai."
Akanyanyua kopo la vifungo kabatini,
akachakura kwa kidole, akanionyesha:
nyeusi kidogo, duara, haina habari.
Keith sasa yuko Perth, ana upara,
hupiga simu kila Jumapili ya pili.
Akairudisha kati ya vifungo, akafunika.

Nimenunua ishirini mpya, paundi tatu na nusu.
Mpya na kuukuu hazichanganywi;
hata Siwema, mbahili wa kupindukia, hilo halibishi.
Grisi ya kijani naipaka kwa ukarimu,
kama siagi kwenye mkate wa mgeni,
nazipanga, zinabaki na upenyo wa kupumulia.
Kisha koni: kaza, legeza robo,
kaza nusu ya hiyo robo.
Ukizidisha, inasaga.
Ukipunguza, gurudumu linapepesuka kilevi.
Pana mahali katikati.
Nilipapita mara nane, nikitukana kwa Kinyamwezi
ili jikoni pasielewe.

Saa sita usiku nimeishika ekseli kwa vidole viwili.
Gurudumu likazunguka, likazunguka,
nikachoka kulisubiri,
likasita, likarudi nyuma, likaenda mbele kidogo,
mpaka valvu, kwa kauzito kake,
ikajikuta chini kabisa.
Vidole vyangu havikusikia kitu.

Zile kuukuu nimemrudishia ndani ya chupa ya jamu.
Aliitikisa sikioni, hakusema asante,
akasema nimekonda, nile.
Ukuta wetu ni mmoja, tena mwembamba.
Nimelala upande huu, taa imezimwa,
nasikia kopo la vifungo likifunguliwa,
kimya kirefu,
halafu ndani ya chupa
mlio mmoja wa ziada.