Jina la Kwenye Randa

Karani wa vitambulisho, Tabora mjini,
aliliandika jina langu mara tatu, kila mara jipya:
Makintaa. Makitaya. Mkintai.
"Mama, hili la wapi? Makete? Umakondeni?"
Nikasema, la Cheyo, nyumba ya nne toka relini.
Foleni ikacheka. Nami nikacheka,
asiyecheka kwenye foleni hurudishwa nyuma.

Kalunde Makintaya.
Kalunde najua: nilizaliwa wingu limeinama.
La pili ndilo lililonisumbua kama jino.

Lilikuja na mzungu wa karakana ya reli,
ndevu rangi ya kutu, daftari la mishahara kwapani.
Babu yangu Lugusha alimshikia mbao.
Daftarini wakaandika: *wa Makintaya*.
Mwaka wa pili ile "wa" ikachoka, ikashuka njiani,
na babu akaitika hivyohivyo,
kwa kuwa shilingi haikumjua Lugusha.

Mzungu akaondoka na treni. Randa ikabaki,
ya mti mzito usioota kwetu,
ubavuni herufi zimechomwa kwa chuma cha moto.

Nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo Ipuli
kwa Sista Nuala, muuguzi mstaafu, Mwairishi,
aliyepokea nusu ya mtaa wetu duniani.
Macho yameisha. Akasoma kwa kidole
kama anayetafuta mapigo.

"Mac ni mwana wa.
Kisha saor: fundi wa mbao, seremala.
Ila ukiyaunganisha, T inaikalia S mapajani.
S inaandikwa, haisemwi.
Kwetu tunatunza hata herufi zilizonyamaza."

Mwana wa seremala!
Nikamkumbuka baba, aliyelala mchanga
juu ya maranda ya mninga, akipiga chafya.
Jina la kuazima lilibisha hodi
likakuta mwenyewe yuko ndani.

"Lakini wewe si Mac," akaninyooshea kidole.
"Binti ni Nic. Miaka hamsini na mbili
umevaa suruali ya kaka yako!"
Akacheka mpaka meno ya bandia yakateleza.
Lake yeye, kabla halijafupishwa, ni Bega Jeupe;
akavuta kola kunionyesha: madoa matupu,
jua la Unyamwezi limelisahihisha.

Halafu akanyamaza. Chai ikafunga utando.
"Saor ina maana nyingine. Mbili.
Huru.
Na bei rahisi."

Nikaweka kikombe chini.

Bibi yake babu alitoka Manyema kwa miguu,
kamba shingoni. Jina lilibaki huko.
Tunachojua ni bei: doti tatu za merikani
na shanga ambazo hakuna aliyezihesabu.
Aliyemfungua alisema tu, nenda.
Hakusema wapi.

Lugha gani hii, iliyokaa kisiwani kwenye mvua
ikamweka babu yangu, na uhuru wa bibi yake, na bei yake,
ndani ya pumzi moja?

"Usiipe sifa nyingi," akasema Nuala.
"Maneno yamekutana tu, kama watu stesheni."
Kisha, taratibu: mama wa bibi yake
alivishwa kijiti shingoni shuleni;
kila neno la kwao, chale moja,
kila chale, kiboko jioni.
Nikamwambia changu kilikuwa kibao,
darasa la tatu, kwa neno moja la Kinyamwezi.
Neno gani? akauliza.
Nikalisema. Akalirudia vibaya.
Nikalisema tena.

Jumatatu nikarudi kwa karani.
"Tubadilishe, mama? Tuweke la ukoo?"
Hilo ndilo la ukoo, nikasema. Andika.
Nikamtajia herufi kwa herufi.
"Hakuna nyingine?"
Ipo S moja. Haisomwi.

Akanitazama juu ya miwani.
Nilipofungua kanga kutoa picha za pasi
kipande cha maranda kikadondoka juu ya fomu,
chembamba, kimejikunja kama sikio.
Akakipuliza.
Kikarudi.